Mwanafunzi wa Mwisho wa Bi Namsifu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana hata aliyenihadithia hakusema, palikuwa na mji wenye pande mbili, Mlimani na Bondeni. Wa Mlimani walifuga mbuzi na kuunga mifupa. Wa Bondeni walifinyanga vyungu. Na palikuwa na amri ya mtawala mmoja wa kale, mtu wa roho mbaya kwelikweli: mtu wa Bondeni asiguse mfupa. Akivunjika, apande mlima akaombe. Basi ukipita Bondeni, kila nyumba ilikuwa na mtu anayechechemea.

Mtawala akafa, amri ikafa naye. Lakini miaka ikapita, na waunga mifupa wote wakabaki walewale wa Mlimani. Ndipo wazee wakaweka sheria mpya: "Bi Namsifu akichagua mwanafunzi, amtazame kwanza mtu wa Bondeni." Amtazame kwanza! Kumtazama vipi, hawakusema. Wakajikung'uta kanzu, wakaenda zao kunywa kahawa, mzigo wakamwachia mama wa watu.

Bi Namsifu ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mifupa. Alimfundisha mtu mmoja mpaka aive, ndipo achukue mwingine. Sasa mikono ilianza kumtetemeka, akajua huyu ajaye ndiye wa mwisho. Akikosea, ameukosea mji mzima. Aliogopa, na hakumficha mtu.

Wakaja watatu. Mtihani ulikuwa gunia. Ndani yake mna mifupa ya mguu wa mbuzi, imevunjwavunjwa. Unaingiza mikono, huoni kitu, unapanga mpaka mguu ukamilike.

Akaja Semboja wa Mlimani, yatima, mchunga mbuzi wa watu, shati lake viraka vitupu. Akaingiza mikono, akapanga. Hakukosa hata kipande. Bi Namsifu akajikuta anatabasamu.

Akaja Mkasi wa Bondeni, mtoto wa tajiri wa vyungu. Baba yake alimpeleka Mlimani angali mdogo, akalelewa nyumbani kwa muunga mifupa. Akaingiza mikono, akapanga. Akakosa kipande kimoja.

Akaja Sikudhani wa Bondeni, binti wa mfinyanzi kilema. Mfupa alianza kuugusa masika yaliyopita, tena wa kuokota jalalani. Akaingiza mikono, akapanga. Akakosa vipande viwili.

"Haya, semeni," Bi Namsifu akawaambia.

Semboja akasema, "Bibi, mimi sikukosa. Aliyefunga mlango ni mtawala, na mimi nilikuwa sijazaliwa. Hao mbuzi mnaosema ni wetu, hata kwato si yangu. Nimtazame mwenzangu akiingia kwa sababu ya kwao, mimi nirudi machungani? Kosa langu nini?"

Mkasi akasema, "Sheria imesema mtu wa Bondeni. Haikusema maskini wa Bondeni. Mimi nimekulia Mlimani, ndiyo, na kila siku ya Mungu niliitwa mtoto wa udongo. Walinitengea sahani yangu peke yangu. Pesa za baba hazikuniosha jina hilo. Na huyu dada nimemshinda."

Sikudhani akasema, "Mmenishinda wote wawili, sibishi. Lakini Mkasi ameanza akiwa mtoto, Semboja ameanza akiwa mtoto, mimi nimeanza juzi. Kwetu mbuzi tunamwona kwenye sufuria ya harusi! Mngetia vyungu vilivyovunjika humo guniani, tungeona nani angetoka na aibu."

Watu wakacheka, wengine wakazomea. Bi Namsifu hakucheka. Yeye aliingizwa kazini na shangazi yake, na gunia hakuonyeshwa. Akamgeukia mama yake Sikudhani, aliyekaa chini na mguu wake mkavu.

"Mama, wewe ndiye mgonjwa. Ungemtaka nani?"

"Mwanangu ni mwanangu, usiniulize kwa upande huo," akajibu. "Ila aliyeniunga alikuwa fundi hasa. Mikono yake haikuwa na kasoro. Alishuka nikiwa nimeshavimba, nimeshaoza."

"Mimi nitashuka!" akasema Semboja. "Naapa, mama, hata mvua inyeshe."

"Nitashuka na mimi," akasema Mkasi. "Ni kwa baba yangu."

Sikudhani akasema, "Mimi sina pa kushuka. Nipo hukohuko."

Bi Namsifu akaikunja kaniki, ile nguo nyeusi anayovikwa mwanafunzi, akaikunjua tena. Kaniki ya mwanafunzi ni moja, na anayevikwa havuliwi. Akamtazama kwanza Sikudhani. Akamtazama Mkasi. Akarudi kwa Semboja, na macho yakamjaa machozi, maana wote watatu aliwapenda na wote watatu walikuwa wamesema kweli. Kisha akanyanyuka, akamvika mmoja.

Nani? Ah, msinikodolee macho! Wewe pale nyuma umeshaanza kunong'ona Semboja, na mke wako anakukanyaga mguu. Mimi nikitaja jina mtalala na jibu langu, na sitaki mlale nalo. Amueni wenyewe: je, ni nani aliyestahili kaniki ile? Na mkishaamua, mchagueni mmoja wenu awaendee wale wawili mliowanyima, awatazame usoni. Atawaambia nini?