Jina la Mlangoni

Hapo zamani, mtihani wa darasa la saba ulipofanywa mara moja tu na aliyeanguka akashika jembe, palikuwa na wasichana wawili huko Rungwe. Tusekile binti Lutufyo alifaulu. Rafiki yake, Anyitike binti Angetile, alifanya mtihani huku anatetemeka kwa malaria, akaanguka.

Wiki ya kwenda sekondari, mama yake Tusekile akapooza upande mmoja. Baba alikwisha fariki, ndugu hakuna. Tusekile akamwendea Anyitike na barua ya shule mkononi.

"Mama siwezi kumwacha," alisema. "Chukua hii. Nenda wewe, uitwe mimi."

Msicheke. Ndivyo ilivyofanyika, na si kwao tu. Anyitike akaenda, akaitwa Tusekile Lutufyo, akasoma, akawa mkunga. Na mkunga gani! Alivuka mto uliojaa, mkoba wa kazi kichwani, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu. Miaka thelathini na minane alifanya kazi hiyo, na wasichana kumi na wanne pale kijijini wanaitwa Tusekile kwa ajili yake.

Na Tusekile mwenyewe? Alipoolewa alikwenda kuapa mahakamani, akabadili majina yote, akawa Rebeka Mwakatobe, ili makaratasi yake yasigongane na ya mwenzake. Alipojifungua, watu wakamwita Mama Gwamaka. Jina lake akaliacha liende.

Na mzee Angetile? Siku mkunga anahitimu, aliitwa binti wa Lutufyo. Angetile akapiga makofi kule nyuma ukumbini. Siku ya harusi ya binti, cheti kikataka baba awe Lutufyo. Angetile akatia sahihi kama mjomba. Mjomba wa mtoto aliyemzaa mwenyewe! Mimi ningepiga kelele mle mle kanisani. Yeye alinyamaza, binti asije akafukuzwa kazi.

Mkunga akastaafu. Halmashauri ikajenga wodi ya wazazi na kusema itaitwa kwa jina lake, lile lililomo kwenye karatasi za serikali. Ndipo akaenda kwa wakili kukiri alilofanya utotoni na kuapa kurudia jina alilozaliwa nalo.

"Ukitia sahihi hapa," wakili alisema, "Tusekile Lutufyo anafutika. Na usiniombe niandike yote mawili, mama. Nafasi ya baba ni moja."

Mzee Angetile alikuwepo, miaka tisini na mmoja, ameshikwa mkono.

"Mwanangu," alisema, "nimekuwa mjomba wako miaka yote hii na sijalalamika. Anyitike ni jina la mama yangu. Nataka nilisome mlangoni pa wodi, na langu nyuma yake, kabla sijaondoka."

Mama Gwamaka naye alikuwepo, analia waziwazi.

"Baba, hiyo ni haki yako," alimwambia mzee. Kisha akamgeukia mkunga. "Lakini mwenzangu, mimi sikukuazima, nilikupa. Mama aliishi miaka kumi na mmoja mikononi mwangu, na shule nikaisahau. Nikisikia mtoto anaitwa Tusekile, naona kama na mimi nilisoma. Ukilifuta hilo, mimi nibaki na nini?"

Mkunga aliwatazama wote wawili, kalamu mkononi.

"Na mimi je?" alisema. "Aliyevuka mto ni mimi. Mikono iliyopokea watoto ni hii. Siku nikifa, mtanililia kwa jina gani?"

Wakili alijifanya anatafuta muhuri, na muhuri uko mbele yake.

Fundi wa kuandika kibao yuko nje, rangi ameshaikoroga, anangoja jina moja tu. Haya, ninyi mliokaa hapa, na wewe uliyekuwa ukicheka: nani alistahili kuandikwa mlangoni?