Panya Aliyekaa Sikioni Siku ya Mtihani wa Kiingereza

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nani?
Pakawa watu wazima na madaftari yao!
Haya, nyamazeni. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole.

Huko Uchina, kwenye msitu wa mianzi, wanyama walifanya kazi mchana na kusoma jioni, watu wazima wenye wajukuu. Wote walitaka digrii. Lakini digrii ilikuwa na mfupa wake: mtihani wa Kiingereza. Unapewa habari, unaisoma, unaulizwa maswali, unachagua herufi moja kati ya nne. Usipofahamu habari, digrii huioni.

Simbamarara aliitamani digrii ile kuliko nyama, maana bila digrii hapewi ukuu wa msitu. Akafungua kitabu. Akasoma mstari wa kwanza, khooo! akalala. Akasoma mstari wa pili, khooo! akalala.

Siku ya mtihani akamdaka Panya mlangoni, nyaka!

"We Panya, Kiingereza unakijua?"

"Sana, Bwana Mkubwa!"

Muongo huyo! Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na maji yenyewe hakuletewa.

"Ingia sikioni mwangu unisomee. Nikifeli, nakutafuna. Nikifaulu, nakutafuna pia, nisherehekee."

Panya akaingia, papatu papatu, moyo ndu-ndu-ndu. Karatasi zikagawiwa. Habari ilihusu kilimo cha kabichi, hata picha ya kabichi ilikuwepo.

"Inasemaje?" Simbamarara akanong'ona.

"Inasikitisha, Bwana. Palikuwa na simbamarara msomi, akala panya. Kummeza tu, Kiingereza chote kikamtoka kwa nyuma, pwaaa! Mbele ya wakwe."

"Uongo!"

"Imepigwa chapa, Bwana. Wenye mtihani wao waandike uongo?"

Simbamarara akafikiri. Kweli, kilichopigwa chapa hakidanganyi.

"Swali la kwanza?"

"Je, panya aliwe? A, aliwe. B, aliwe na pilipili. C, thubutu! D, aulizwe daktari."

"C!"

"La pili. Je, akiwa mnono?"

"C!"

"La tatu. Je, kumlamba kidogo tu?"

Simbamarara akasita. Mate yakadondoka kwenye karatasi, tii, tii.

"...C."

Akajaza C mpaka chini. Msahihishaji alikuwa Bata. Mimi sikuwepo, lakini mkewe kaniambia, na yule mama siri haimkai. Bata akatazama karatasi ya Simbamarara. Akatazama majibu sahihi. Akatazama kucha za Simbamarara. Basi akafuta majibu sahihi, akaandika C kote. Simbamarara akafaulu yote. Sungura, aliyeielewa kabichi yote tangu mizizi, akafeli vibaya.

Simbamarara akavaa joho, njaa inamkata. Akafungua kinywa, aaam! Akakifunga.

"Panya, Kiingereza bado kimo?"

"Kimo, Bwana. Nakiona kutoka hapa. Ila usitikise kichwa, kitamwagika."

Tangu hapo mkuu wa msitu hatikisi kichwa. Panya akiomba jibini, hawezi kukataa. Panya akiomba nyumba, hawezi kukataa. Juzi kawaombea shemeji zake saba nafasi kwenye sikio la pili.

Funzo ni hili, wajukuu zangu: someni habari yote kwa makini, neno kwa neno, kama Sungura. Mtafika mbali kama yeye. Mwaka huu anarudia mtihani.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, imezeni; ikiwa chungu, semeni aliyewahadithia ni jirani.