Aliyekula Firigisi za Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Shikani, palikuwa na sultani aitwaye Bakathiri, mtu mkubwa wa kiwiliwili na mwepesi wa kuona haya. Mwaka wa kwanza wa utawala wake wafanyabiashara fulani walimpigia soga kwamba wafalme wa ng'ambo hawali kuku ila kidari na paja, na kwamba mfalme akionekana anafyonza mfupa watu humcheka mpaka wakalia. Sultani akaingiwa na woga wa kuchekwa. Siku ile ile mpiga mbiu akazunguka mji mzima akitangaza: "Sultani wenu anasema, kuku ni kidari na paja. Shingo, miguu, mabawa, mgongo, kichwa, maini na firigisi si kuku. Ni taka, na taka hutupwa." Basi ikawa kila siku wapishi wa kasri wakichinja, hukata kidari, hukata paja, na vilivyobaki huvirusha nje kwa dirisha la jikoni, vikaangukia uani kwa jirani.

Jirani mwenyewe aliitwa Faki Mapengo. Hakuwa na shamba, hakuwa na mbuzi, na meno yake ya mbele yalikwisha kumuaga zamani. Alichokuwa nacho ni kibanda kilichoegemea ukuta wa kasri, mke aitwaye Bi Kazija, na chungu kikubwa cheusi. Tena tuseme kweli, hata chungu hakikuwa chake. Kilikuwa cha Bi Kazija, alikirithi kwa mama yake, na Faki akikigusa bila ruhusa alikiona cha mtema kuni.

Bi Kazija alipoona neema inamwagika dirishani, hakuuliza mara mbili. Alitandika majani ya mgomba chini ya dirisha yaipokee, akawa anangoja kama mtu anayengoja wageni. Miguu ya kuku aliibabua kwa maji ya moto, akaivua ngozi yake ngumu kama soksi, akaikata kucha. Firigisi alizipasua, akamwaga vijiwe, akaubandua ule utando wa manjano usioliwa hata na paka. Shingo na migongo vikaingia chunguni na tangawizi na kitunguu thaumu, moto ukawa mdogo, na mchuzi ukachukua muda wake mpaka ukaanza kunata midomoni. Majirani walikuja mmoja mmoja, huyu na nazi, huyu na ndimu, yule na pilipili tu na maneno mengi, wote wakala wakashiba. Faki, kwa kuwa hana meno, alipenda miguu, maana miguu haitafunwi, hufyonzwa, na kwa kufyonza hakuwa na mpinzani mjini.

Sasa harufu haina adabu, haijui ukuta wa nani. Adhuhuri moja Sultani alikuwa anatafuna kidari chake kikavu, kila tonge analisukuma kwa maji, mara ile harufu ikapanda ikaingia dirishani. Akaacha kutafuna. Akasogea dirishani, akachungulia, akamwona Faki amefumba macho, mguu wa kuku umemtoka nusu kinywani, uso wake umejaa raha isiyo na kifani. Sultani akaona wivu, nao wivu wa mtu aliyeshiba ni mbaya kupita wote. Akaamuru Faki aletwe.

"Ewe Faki," akasema Sultani, "kwa nini unakula kuku wangu?"

Faki akainama kwa adabu, akiuficha mguu wa kuku ndani ya mkono wa kanzu. "Bwana wangu, mimi tangu umetawala sijala kuku. Kuku ni kidari na paja, nilimsikia mpiga mbiu kwa masikio yangu haya. Mimi nala taka."

Watu barazani wakainamisha nyuso wasionekane wanacheka, lakini mabega yao yakawa yanawasaliti. Sultani akayaona mabega, akawaka. Akasema, "Vema. Ijumaa anakuja Jumbe Mfaume wa Mkangaga. Mara zote akija kwangu hula kidogo, hununa, huaga mapema, na misafara yangu haipati ruhusa ya kupita nchi yake. Labda atacheka akikuona wewe. Utampikia kuku. Usichinje, usinunue, usiombe, usiibe. Na Jumbe aseme kwa ulimi wake mwenyewe kuwa amekula kuku. Ukishindwa, chungu chako kitavunjwa hapa mbele ya watu, nawe na mkeo mtahama mji."

Faki akarudi nyumbani. Kuhama mji alikuwa anaweza kuhama, maana hakuwa na cha kubeba. Lakini kumwambia Bi Kazija habari ya chungu, hilo lilikuwa zito kuliko kuhama. Akazunguka kibanda, akaingia, akatoka, akaingia tena, mwisho akasema yote kwa pumzi moja.

"Na wewe ukakubali?" akauliza Bi Kazija.

"Niliinama tu, mke wangu, kwa adabu. Wao wakadhani nimekubali."

Bi Kazija akaweka mwiko chini, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. "Katika chungu hiki mama yangu alinipikia uji wangu wa kwanza. Walichonipikia kwenye arusi yangu kilitoka humu, na nilitaraji na khitma yangu ipikiwe humu. Faki, chungu changu kikivunjika wewe utahama peke yako." Kisha akautazama ukuta wa kasri, akaanza kutabasamu. "Hebu niambie. Siku ya karamu, Jumbe akija na watu wake wote, wapishi wa Sultani watachinja kuku wangapi ili kupata vidari vya kuwatosha?"

Faki akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia. Halafu akaanza kucheka, akacheka akaketi chini, akacheka akalala kabisa juu ya mkeka akipiga teke hewani.

Basi Ijumaa ikafika, na dirishani kukanyesha. Ilinyesha miguu, ikanyesha shingo na mabawa, zikaja firigisi kwa mafungu, mpaka Faki akawa anakimbia huku na huku na ungo kichwani, akipigwa na migongo ya kuku na kushukuru kila pigo. Bi Kazija akapika. Mchuzi wa miguu ukawa mzito, mabawa yakachomwa kwa ndimu na pilipili, na firigisi zikaungwa kwa tui zito la nazi. Vyote akavipanga ndani ya kile chungu, na firigisi akaziweka juu kabisa, upande utakaoelekea kwa mgeni, kama mama yake alivyomfundisha. Faki akanyoosha mkono kuonja moja, akarudishwa na mwiko.

Kasrini Jumbe Mfaume, mzee mwembamba mwenye kilemba kikubwa, alikuwa amekaa mbele ya sinia la fedha lililojaa vidari vyeupe. Akamega kidogo, akatafuna sana, akanywa maji. Akafungua kinywa kuomba ruhusa ya kuondoka, kama ilivyo desturi yake, na hapo ndipo Faki alipoingia na chungu, jasho linamtiririka, akakitua mbele yake. Waziri akaziba pua. Sultani akasubiri kicheko.

Jumbe hakucheka. Alizitazama zile firigisi zilizopangwa mbele yake, akazitazama tena. Akatwaa moja, akala. Akatwaa ya pili. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akaziingia shingo, akayaingia mabawa, akafyonza miguu kwa sauti iliyosikika barazani, akajilamba mpaka kidole cha mwisho.

"Bakathiri ndugu yangu," akasema, "leo nimekula kuku. Miaka yote nikija kwako nanyimwa firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akimpenda mgeni humwachia, maana yake, jione uko kwako. Mgeni akiwekewa kuku hana firigisi, ameambiwa aende zake. Nami nilikuwa ninakwenda."

Sultani akaiva uso. Desturi hiyo aliijua. Baba yake alikuwa akiifuata, na yeye aliitupa dirishani pamoja na mifupa. "Nilikupa kidari, ndugu yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani nakutukuza." Kisha, kwa kuwa haya inapozidi hutafuta wa kumwangukia, akamgeukia Faki. "Na wewe, kuku huyu umemtoa wapi?"

"Bwana wangu, sikuchinja, wamechinja wapishi wako. Sikununua, sina cha kununulia. Sikuomba wala sikuiba, viliniangukia kichwani, na nundu ninazo. Ni taka zile zile, na Jumbe amesema mwenyewe kuwa ni kuku."

Jumbe akapangusa ndevu, na macho yake yakaanza kucheza. "Ngoja kwanza. Kama katika nyumba hii firigisi hutupwa nje kila siku, basi yuko mtu nje aliyekuwa anazila. Na anayekula firigisi ya nyumba ndiye mwenye nyumba. Nataka kumjua, maana habari ya misafara siwezi kuizungumza na mtu mwingine."

Macho yote yakamwelekea Faki, na Faki akahisi shingo yake inakuwa nyembamba kama zile zilizokuwa chunguni. Akisema ni yeye, amejiita sultani mbele ya sultani. Akisema si yeye, nani atamwamini? Akaona heri aseme kweli, maana uongo wa haraka haraka hakuupata.

"Bwana zangu," akasema, "mimi nimeoa. Siku ya kwanza ya ndoa nilinyoosha mkono kuchukua firigisi nikapigwa mwiko, hata leo asubuhi nimepigwa. Firigisi zote za kasri hii, tangu Sultani wetu alipotawala, amezila Bi Kazija."

Jumbe Mfaume, mzee yule ambaye hakuwahi kutabasamu Shikani, alicheka mpaka kilemba kikamdondoka na kuingia kwenye sinia la vidari. Waziri akacheka, walinzi wakacheka, na mwisho Sultani mwenyewe, aliyeogopa kuchekwa maisha yake yote, tumbo likaanza kumtikisika, akacheka machozi yakamtoka, akaona kumbe hakuna alichopungukiwa. "Basi," akasema akihema, "mwiteni mwenye nyumba."

Bi Kazija akaja na mwiko wake mkononi. Jambo la kwanza akakitazama chungu, akakizunguka, akakigonga kwa kidole akasikiliza mlio, akaona kizima. Ndipo akawaamkia.

"Bi mkubwa," akasema Jumbe kwa heshima, "misafara ya huyu Bakathiri inaomba kupita kwangu. Wasemaje?"

"Ipite, baba," akajibu Bi Kazija. "Ila taka zisirushwe tena. Ziletwe kwangu mlangoni, zimefunikwa kawa. Na hapa kasrini mbakize firigisi za kumtosha mgeni."

"Itakuwa hivyo," akasema Jumbe.

"Itakuwa hivyo," akasema Sultani naye, kisha akachungulia chunguni, akapunguza sauti kama mtoto anayeomba. "Na mimi, Bi Kazija?"

Bi Kazija akaingiza mwiko mpaka chini, akatafuta, akaibuka na firigisi moja iliyobaki, inachuruzika tui. Faki akaitazama ikipita mbele ya pua yake kama alivyozitazama zote miaka yote. Bi Kazija akaiweka kwenye sahani ya Sultani.

"Kula, baba," akamwambia. "Leo nyumba ni yako. Kesho tutaona."

Basi huko Shikani, mpaka chungu kile kilipozeeka, Sultani alikuwa akiamka asubuhi huenda kwanza dirishani kunusa kama bado anatawala.