Pimbi, Kiboko na GPA Iliyo Kubwa

Hadithi njoo.

— Njoo na utamu wake.

Na uongo je?

— Nao uje, tutauchambua wenyewe.

Basi hapo kale kiangazi kiliingia mwituni. Mito ikakauka kau. Ikabaki chemchemi moja tu, chururu, chururu. Mlinzi wake, Kobe, akafariki, na Tembo aliyekuwa mkuu wa mwitu akatangaza kwamba mlinzi mpya lazima awe msomi, mwenye GPA nzuri kuliko wenzake.

Wakajitokeza wawili. Kiboko, mhitimu wa Chuo cha Matopeni, na Bi Pimbi, kinyama cha kukaa miambani, mhitimu wa Chuo cha Majabali.

Pimbi alikuwa na wana wachanga, ndimi zimewakauka. Alimjua Kiboko. Akipewa chemchemi ataingia mzima mzima, atalala humo, na wengine watalamba tope.

Wakakutana njiani. Kiboko, tindi, tindi. Pimbi, chwe, chwe, chwe.

"Una ngapi?" Kiboko akauliza.

"Tatu nukta nne, mzee."

"Mimi tatu nukta nane. Nane na nne, ipi kubwa?"

"Nane, mzee."

"Basi rudi nyumbani."

"Lakini mzee, kwetu Majabali alama zinaishia nne. Kwenu Matopeni zinaishia tano."

Kiboko akapiga mwayo, aaah, meno yote nje. "Kubwa ni kubwa."

Pimbi akaona mdomo ule si wa kubishana nao. Akasema taratibu:

"Kweli, mzee, kubwa ni kubwa. Ila nakuonea huruma. Mwili wote huo, unatembea na kitatu?"

Kiboko akasimama. "Kwani kuna kubwa zaidi?"

"Ipo ya kumi. Ukihesabiwa kwa kumi, unapata saba na ushei."

"Na zaidi ya hiyo?"

"Ipo ya mia. Ukihesabiwa kwa mia, unapata sabini na sita."

Kiboko akacheka, hoo, hoo, hoo. "Sabini na sita. Hiyo ndiyo saizi yangu."

"Basi kaidai kwa Tembo. Akikubania, usikubali."

Walipofika, wanyama walikuwa wamekusanyika. Tembo alisikia tatu nukta nane, akasikia tatu nukta nne, akaanza kumwelekea Kiboko. Lakini Kiboko alikuwa hajatosheka.

"Mimi nataka nihesabiwe kwa mia," akasema.

"Una hakika?" Tembo akauliza.

"Nina hakika. Asiyetaka atoke."

"Nikikuhesabu wewe kwa mia, na mwenzako nitamhesabu kwa mia."

"Mhesabu. Atafika wapi na kimo kile?"

Tembo akamwita Kasuku, aliyekuwa hodari wa hesabu.

"Kiboko," Kasuku akasema, "tatu nukta nane kati ya tano. Kwa mia, ni sabini na sita."

Kiboko akacheka, hoo, hoo, hoo.

"Pimbi, tatu nukta nne kati ya nne. Kwa mia, ni themanini na tano."

Kiboko akafumba mdomo, akaufumbua. "Turudi kwenye zile ndogo," akasema.

"Umedai mwenyewe," Tembo akamjibu.

Pimbi akapewa chemchemi. Siku ile wana wake walikunywa mpaka vitumbo vikawa ngoma. Kiboko naye alinyweshwa kwa zamu, kama wenzake, miguu nje. Alikunywa amenuna, lakini alikunywa.

Ngano imeishia hapo. Ikiwa tamu, mbakizieni jirani. Ikiwa chachu, imezeni hivyo hivyo.

Na mafunzo yake ni haya: mtoto akileta GPA nyumbani, kamwe usimuulize ni kati ya ngapi, maana hesabu huvunja undugu. Muulize tu kama ni kubwa. Na mwenye mdomo mpana asijisumbue kusoma.