Sebule ya Maji

Kitendawili, wajukuu zangu: sebule moja, wageni wawili, huyu akiingia, yule hutoka. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Tanga, sasa sikieni. Ni uwanja wetu wa Mbugani. Kiangazi hukaa watoto, masika hukaa maji.

Mmemsikia jirani akisema, "Ukiyanyima maji uwanja, yatakuomba kitanda," mkaniuliza maneno hayo kayatoa wapi. Methali hii ilianzia hapa hapa kwetu.

Wazee waliuchagua uwanja ule kwa sababu uko chini kuliko nyumba zote. Waliuzungushia tuta, wakaacha pengo upande wa mto. Mto ukifura, maji huingia pale, hulala wiki mbili tatu, kisha hujiendea. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya masika tulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima: tunang'oa magoli, tunahamisha mabenchi, tunafyeka pengo. Aliyepiga debe kutuita alikuwa Bi. Namkunda, mjane muuza maandazi.

Mwaka mmoja mwenyekiti wa mtaa, Shemhilu, akasema magoli hayang'olewi tena. Atalifunga pengo, mpira uchezwe mwaka mzima, na pembeni vijengwe vibanda. Watu wakapiga makofi. Bi. Namkunda akaenda akatandika mkeka pale pale pengoni, akakaa na beseni lake la maandazi. Lori la kifusi likasimama mbele yake.

"Mama, pisha kazi," mwenyekiti akasema.

"Lori lako lina njia nyingi, mwanangu. Maji yana hii moja."

"Kwani yakikosa uwanja yatatufanya nini?"

Watu wakacheka. Bi. Namkunda akafunika beseni lake. Mgambo wawili wakambeba na mkeka wake, naye akiwaonya wasimwage maandazi. Kifusi kikashushwa.

Masika yakaingia. Siku ya nne ya mvua, asubuhi, mto ulifika pengoni ukakuta pamezibwa, ukageukia mtaani. Kuku walipanda mapaani, unga ukawa uji ndani ya magunia. Bi. Namkunda akashika jembe, akapanda kwenye kile kifusi, akaanza kuchimba.

Mwenyekiti akamfuata, maji yakiwa magotini. "Nani kakuruhusu? Nitakuweka ndani."

"Uniweke nikimaliza."

Wanawake wakaja na majembe yao, wale wale waliopiga makofi. Mmoja alikuwa mke wa mwenyekiti, kalowa mpaka kifuani.

"Baba Semeni, godoro letu linaelea," akamwambia mumewe. "Chimba au toka njiani."

Akachimba. Kifusi kikabomoka, maji yakamiminika uwanjani, magoli yakazama yote, na mtaani maji yakaanza kushuka.

Bi. Namkunda akaegemea mpini wa jembe, akamtazama mwenyekiti.

"Uliniuliza maji yakikosa uwanja yatatufanya nini. Siku ile mlikuwa mnacheka, nisingesikika. Leo nakujibu, mwanangu: ukiyanyima maji uwanja, yatakuomba kitanda."