Mwanya Haumngoji wa Pili

Mwanya haumngoji wa pili. Mmeusikia msemo huo leo pale stendi, dereva akimkemea mwenzake, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza umetoka wapi. Wekeni simu chini mnisikilize. Umetoka kwenye barabara hii hii inayonguruma hapo nje, na kisa chenyewe ni hiki.

Kulikuwa na mama mmoja wa Iringa, jina lake Tumpe, mwenye mtoto wa kiume mmoja tu, Lusekelo. Kijana huyo alikuwa na gari la bluu, limeinama chini kama paka anayenyemelea, na bomba lake la moshi lilinguruma hadi kuku wa jirani walikuwa wakilitambua. Asubuhi aliliosha kabla hajanywa chai. Tumpe alikuwa akilitazama gari lile kwa hofu.

Siku moja mama na mwana walishika njia ya Makambako, kwenda kumwona dada yake Lusekelo aliyekuwa amejifungua. Tumpe alipakata chupa ya uji wa moto. Walipokuwa wanakaribia Mafinga, gari jeupe la aina ile ile likaja nyuma yao, likawasha taa mara mbili. Lusekelo akacheka peke yake, akajibu kwa taa.

"Unamfahamu?" mama akauliza.

"Simfahamu, mama. Ni mwenzetu."

"Mwenzenu kwa lipi, na humfahamu?"

"Kwa gari. Sisi tukikutana barabarani lazima tusalimiane."

Wakasimama wote kwenye kituo cha mafuta. Mwenye gari jeupe alikuwa kijana mchangamfu, akajitaja kuwa anaitwa Chesko. Akainama dirishani.

"Shikamoo, mama! Leo umepakiwa kwenye ndege, ujue."

"Marahaba, baba. Mimi sijaomba kuruka."

Vijana wakacheka sana. Wakafunua boneti zao wakainamia injini, hiki nini, hiki umekipata wapi, kama wanawake wanaochungulia kitoto kichanga. Kisha Chesko akasema, na Tumpe akasikia kila neno:

"Mimi natangulia, barabara hii naijua. Malori ya mbao ni mengi, lakini usihangaike kuchungulia. Wewe tazama taa zangu tu. Nikitoka kulipita lori, na wewe toka."

Ndivyo walivyozoea vijana hao wakiongozana wawili. Wa mbele anakuwa jicho, wa nyuma anakuwa mkia.

Tumpe alitaka kumwita mwanawe pembeni, lakini alimwona alivyofurahi, akaona haya kumwaibisha mbele ya rafiki mpya. Akanyamaza. Kunyamaza kule alikuja kukujutia.

Waliondoka. Lori la kwanza wakalipita pamoja, la pili vile vile. Kila mara Tumpe alikanyaga sakafu kwa nguvu, kana kwamba na upande wake kuna breki.

"Umeona, mama? Raha tupu!"

"Lusekelo, mwanangu, mkia hauna macho. Mwache aende. Mtoto wa dada yako hahami, tutamkuta."

"Nikimwacha atasema gari langu limechoka. Tulia, mama."

"Natulia vipi?"

Lori la tatu lilikuwa limejaza mbao hadi juu, linapanda kilima polepole, na nyuma yao kulikuwa na gari jingine limewabana. Chesko akatoka, akalipita lori kama upepo. Lusekelo akaziona taa zake, naye akatoka. Gari jeupe likarudi upande wake kule mbele, na pale lilipokuwa, Tumpe akaona basi.

"Basi! Lusekelo, basi!"

Kurudi nyuma hakukuwezekana, nafasi yao ilikuwa imeshazibwa. Dereva wa lori alijitahidi, akaingiza magurudumu kwenye majani, lakini barabara haikutosha watatu. Lusekelo akalitupa gari kulia, likavuka mtaro, likajibamiza kwenye miti ya misonobari. Basi likapita likilia honi.

Tumpe alipogusa kifua akakuta majimaji ya moto, akadhani ni damu. Ulikuwa uji. Akamwita mwanawe, kimya. Akamwita tena, kimya. Nawaambia, hakuna kimya kirefu kama kile. Mara ya tatu Lusekelo akajibu kwa sauti ndogo, kama ya utotoni alipokuwa na homa:

"Mama, mguu wangu siusikii."

Chesko akaja mbio, mikono kichwani, machozi yanamtoka. "Jamani, nafasi ilikuwepo! Mbona mimi nimepita? Nafasi ilikuwepo!"

Dereva wa lori, mtu mzima, alikuwa anabandua mlango kwa chuma. Alimjibu bila kuinua uso.

"Ilikuwepo. Umeimaliza wewe. Mwanya haumngoji wa pili, kijana. Haya, shika hapa tuvute."

Mguu ule ulikatwa chini ya goti. Chesko hakukosa hospitali hata wiki moja, alileta matunda, alilia na Tumpe, na mpaka leo yeye na Lusekelo ni kama ndugu. Hapo ndipo ninapoogopa mimi. Katika kisa hiki hakuna mtu mbaya. Mngeambiwa na adui "nifuate", mngekataa. Rafiki anawaambia hivyo kwa upendo, na yeye mwenyewe anapita salama kweli.

Maneno ya yule dereva yakatembea na malori, yakafika masokoni na majumbani, na sasa anaambiwa hata anayekimbilia jambo kwa sababu tu jirani yake limemnyookea. Kwa hiyo mwenzenu akipita, mfurahieni. Kisha mtazame barabara kwa macho yenu wenyewe, na mama akisema "mwache aende", mwacheni aende. Mwanya haumngoji wa pili.