Bembea ya Kiooni

"Bembea ya kiooni haibebi mtoto." Mmemsikia fundi akimwambia mwanafunzi wake, mkacheka, sasa mmenijia mimi mniulize ilikotoka. Basi tulieni, maana vijana nyinyi papara zimewajaa. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo Tanga mtengeneza kompyuta, jina lake Badi. Mkewe, Tunu, alianguka akavunjika mkono, na binti yao mchanga, Nasra, alikuwa halali ila abembezwe. Tunu akawa hana mkono wa kubembezea, wala usingizi. Badi alimwonea huruma sana.

Akachora kwenye kompyuta kijiwe kinachoning'inia kwa uzi, kikibembea. Akavuta waya kutoka hapo hadi kwenye mota ndogo ya servo, ile inayogeuka kwa kipimo inachoamriwa. Kijiwe kikienda kushoto, mkono wa mota nao kushoto; kikirudi, nao unarudi. Taratibu, taratibu. Alasiri ile nyumba nzima ilinyamaza. Tunu alikitazama kioo cha kompyuta mpaka macho yakawa mazito, akajiona yu mtoto tena, mgongoni kwa mama yake, wanakwenda asikokujua. Ilikuwa raha, jamani, sitawaficha.

Badi akaifunga mota kwenye boriti, akalitundika susu, kile kitanda cha mtoto cha kuning'inia, kwenye mkono wa mota.

"Haya, mlete mwanangu."

"Ngoja, baba Nasra," akasema Tunu. "Kwetu mtoto hatangulii kulala kwenye susu jipya. Hutangulia mchi wa kinu."

"Mambo ya kizamani hayo! Huoni inavyokwenda?"

"Naona. Weka mchi."

Badi akauweka huku akicheka. Mota ikaguna, ikatetemeka, mkono wake ukakatika. Susu likaporomoka, mchi ukapiga chini ukapasua sakafu.

Kiooni kijiwe kilikuwa kingali kikibembea, taratibu, taratibu, vizuri vilevile. Tunu alimbana mtoto kifuani kwa mkono wake mzima.

"Bembea yako bado inakwenda, mume wangu," akasema. "Iulize imembeba nani."

Badi akampokea mwanawe, akamkumbatia, akalia bila haya. Kisha akambembeza mwenyewe mpaka Tunu akapitiwa na usingizi.

Tangu siku hiyo, kila aliyemjia akijisifia chombo alichokijaribu kwenye picha tu, Badi alimwuliza kimebeba nini. Akikosa jibu, Badi alimwambia: bembea ya kiooni haibebi mtoto.